Suti ya milimita ngapi, kwa Diani na kwa vizimba vya Ziwa Victoria?

*"Mwalimu, habari za kazi. Mimi niko Kisumu, urefu wangu ni sentimita 178, uzito kilo 84. Tuna vizimba vya tilapia upande wa Usenge na nimechoka kulipa watu wa kukagua nyavu. Julai naenda pwani, Diani, kusomea kupiga mbizi kwa mtungi, nikirudi niwe nakagua mwenyewe: mita 3 hadi 9, kama dakika 50 kila mara, mara mbili au tatu kwa siku. Soko la Kibuye nimepata suti ya mbizi ya milimita 7, mtumba, shilingi 4,500. Muuzaji anasema iliyo nene ndiyo bora, na kwamba hata ikinipwaya kidogo si neno kwa sababu suti hizi hujaa maji na mwili huyapasha. Rafiki yangu mvuvi ananicheka, anasema maji ya ziwa ni moto, kaptura inatosha. Lakini mimi husikia baridi haraka. Nikikaa ziwani nusu saa natetemeka. Niinunue? Na kama si hiyo, ninunue ya milimita ngapi?"*

Ndugu yangu, usiinunue. Huenda ni nzima kabisa, lakini ilishonwa kwa ajili ya maji ya nyuzi 12 au 15 na wewe unaingia kwenye maji ya nyuzi 25. Juu ya mashua itakupikia mwili, na ndani ya maji itakupandisha na kukushusha usivyotaka. Hili la pili ndilo linalonipa wasiwasi zaidi. Unachohitaji ni suti ndefu ya milimita 3 inayokukaa mwilini sawasawa, pamoja na fulana ya neoprini (mpira unaoshonewa suti hizi) yenye kofia, ya kuvaa ndani yake siku za baridi au siku za mbizi tatu. Ukiona huwezi kupata fulana hiyo, milimita 5 peke yake ni chaguo la pili, na nitakueleza gharama yake.

Rafiki yako amepima maji kwa muda mfupi, na kwa muda huo hajakosea. Nyuzi 26 ni maji ya raha kuoga. Lakini ngozi yako ina nyuzi 33 hivi, na maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Mtu aliyekaa kimya majini bila nguo anahitaji maji ya nyuzi 33 hadi 35 ili asipoteze joto. Chini ya hapo anapoteza tu, iliyobaki ni kasi. Mvuvi anayeshuka kusukuma mashua anatumia mapaja na mgongo, misuli inazalisha joto, na baada ya dakika kumi yuko juani. Wewe utakuwa umening'inia kando ya wavu dakika 50, vidole ndivyo vinavyofanya kazi na misuli mikubwa imelala. Hewa ya mtungi nayo huja kavu na yenye ubaridi, mapafu huipasha na kuitia unyevu, kisha unaitoa mapovuni pamoja na joto lako. Kwa hiyo kutetemeka kwako baada ya nusu saa bila nguo ni hesabu ya kawaida ya mwili. Usijione dhaifu.

Jambo ambalo wengi hawalihesabu ni mbizi ya pili na ya tatu. Ukipanda baada ya dakika 50 unajiona uko sawa, unakunywa chai, ngozi inapata joto, unadhani umerudi ulipokuwa. Ndani bado. Viungo vya katikati ya mwili huchukua saa kadhaa kurudisha joto vilichopoteza, na ukishuka tena unaanza na deni. Ndiyo maana suti iliyokutosha asubuhi haikutoshi saa nane mchana ingawa maji ni yaleyale. Na mtetemeko si dalili ya kwanza. Kabla yake utakojoa mara kwa mara, hewa ya mtungi itaisha upesi kuliko kawaida, na vidole vitaanza kushindwa na vitu vidogo: buckle ya mkanda itakataa kufunguka, fundo la kamba utalifunga mara mbili. Kwa mtu anayefanya kazi karibu na nyavu, vidole vizito ni hatari kuliko baridi yenyewe.

Sasa muuzaji. Anachosema juu ya maji kujaa ndani ya suti kinarudiwa kila mahali, na kimegeuzwa kichwa chini. Neoprini ni mpira uliojaa vijipovu vya gesi, mara nyingi naitrojeni, kama matundu ya ndani ya mkate, isipokuwa kila tundu limefungwa peke yake na maji hayapiti kutoka moja hadi jingine. Gesi hiyo ndiyo inayozuia joto lisitoke. Maji yanayoingia kati ya suti na ngozi hayakusaidii kwa lolote. Yanavumilika tu, kwa sharti kwamba yawe tabaka jembamba na yasitembee. Mwili unayapasha mara moja, basi, imekwisha. Suti ikipwaya, kila unapoinua mkono au kupinda kiuno maji uliyoyalipia kwa joto lako yanatoka shingoni na mengine ya baridi yanaingia kiunoni, na unaanza kulipa upya. Suti ya milimita 3 iliyokaa vizuri itakutunza kuliko ya milimita 7 inayopwaya mgongoni. Ningekuwa nakushauri jambo moja tu katika barua hii yote, lingekuwa hilo.

Tuje kwenye unene. Vijipovu vile vina gesi, na gesi hubanwa na shinikizo la maji. Baharini, mita 10 za kwanza zinaongeza shinikizo maradufu na gesi inabaki nusu. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, hewa ya juu ya ziwa ni nyepesi zaidi, kwa hiyo maradufu hayo unayafikia mapema, kwenye mita 9 hivi. Maana yake ni mbili. Kwanza, suti hupungua unene kadiri unavyoshuka: ya milimita 3 ukiwa Diani kwenye mita 18, ambacho ndicho kina cha mwisho kwa cheti cha kwanza, imepoteza karibu nusu ya unene wake. Pili, na hapa ndipo milimita 7 inapokuumiza, suti hupungua pia nguvu ya kuelea.

Suti ya milimita 7 ya mtu wa ukubwa wako inaelea kwa nguvu ya kilo 6 hadi 8 ikiwa juu ya maji. Ili uzame itabidi ubebe risasi, yaani vipande vizito vya madini vinavyovaliwa kwenye mkanda, za kufidia hizo zote. Ukifika mita 9, suti imebanwa na kilo 3 au 4 za kuelea zimepotea, lakini risasi ziko palepale kiunoni. Unazama. Unatia hewa kwenye jaketi la kuelea ili usimame. Unapanda mita 5 kukagua sehemu ya juu ya wavu. Suti inatanuka, hewa ya jaketi inatanuka, vyote viwili vinakuvuta juu kwa pamoja. Usipoitoa hewa upesi utafika juu kama ulivyorushwa, na aliyebana pumzi wakati huo anaweza kupasua mapafu hata akitokea mita chache tu. Watu hudhani kina kirefu ndicho kigumu kwa jambo hili. Ni kinyume chake: shinikizo huongezeka sawa kwa kila mita, lakini gesi hubanwa na kutanuka zaidi kwa kila mita kwenye mita 10 za juu, na kazi yako yote iko hapo, ukipanda na kushuka kando ya kizimba mara ishirini kwa mbizi moja. Suti ya milimita 3 katika safari hiyohiyo hubadilika kwa kilo moja na nusu hivi. Hiyo unaidhibiti kwa pumzi na kitufe kidogo cha jaketi.

Kuna pia lile la juani. Mashua ikiwa Usenge saa tano, hewa nyuzi 30, wewe umevaa milimita 7 mpaka shingoni ukingoja mwenzako afunge mtungi: jasho halina pa kukauka, moyo unaenda mbio, kichwa kinazunguka. Mtu huingia majini tayari amechoka na amekauka maji mwilini. Hata kwa ile ya milimita 3, ivae mpaka kiunoni tu, mikono ining'inie, umalizie kuivaa dakika chache kabla ya kuingia, na ujimwagie maji ikibidi.

Kwa upande wa nyuzi, wapiga mbizi hutumia kipimo hiki cha kukadiria. Maji ya nyuzi 29 na zaidi, fulana ya mikono mirefu au milimita 1 hutosha. Kati ya 26 na 29, milimita 3. Kati ya 21 na 25, milimita 5. Chini ya hapo ndipo milimita 7 inaanza kuwa na maana, na chini ya nyuzi 10 watu huhamia suti kavu isiyoingiza maji kabisa. Kipimo hiki kimejengwa juu ya mtu wa wastani, mbizi moja au mbili, anayeogelea. Anayefanya kazi akiwa ametulia, au anayesikia baridi haraka kama wewe, huongeza hatua moja. Ukiona suti imeandikwa 5/3 au 3/2, namba ya kwanza ni ya kifua na mgongo, ya pili ni ya mikono na miguu.

Diani mwezi wa Julai ni wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini. Maji yako kwenye nyuzi 24 hadi 26, wakati Machi na Aprili hupanda hadi 28 au 29. Upepo juu ya boti ndio utakaokushtua: neoprini iliyolowa ikipigwa na kusi hupoteza joto upesi sana kati ya mbizi na mbizi. Beba koti la mvua la kuvaa juu ya suti, la bei yoyote, hata lile la nailoni. Kwa kozi yenyewe usinunue kitu. Kwa kawaida kituo kinakukodishia suti pamoja na vifaa vingine. Omba milimita 5, na siku moja ukiweza omba ya milimita 3 pamoja na fulana yenye kofia. Utajua mwili wako unataka nini kwa maji halisi kabla hujatoa hela yako.

Ziwani, ghuba ya Winam na maji ya pwani ya Usenge hucheza kati ya nyuzi 24 na 28 mwaka mzima, na kwa vile vina ni vifupi, hutakuta tabaka la baridi kali chini. Hapo milimita 3 ndefu inakutosha kwa mbizi ya kwanza bila shaka, ya pili pia kwa siku nyingi, na fulana yenye kofia inaongeza milimita 2 au 3 pale kifuani na mgongoni ambako joto lako liko. Faida yake juu ya suti ya milimita 5 ni kwamba unaivua siku ya joto. Hasara yake ni kuvaa vitu viwili, na kofia ikikubana masikio unapata shida ya kusawazisha shinikizo. Toboa tundu dogo kwa sindano ya moto sehemu ya sikio ili hewa na maji yapite. Milimita 5 ni rahisi, moja tu, na baada ya mbizi ya tatu utaishukuru. Lakini itakudai kilo 2 zaidi za risasi, itabadilika zaidi ukipanda na kushuka, na itakuchosha juani. Mimi kwa kazi uliyoieleza nachagua ya kwanza. Suti fupi, ile ya mikono na miguu mifupi, usiiwazie: hata kama joto lingetosha, kamba, misumari ya fremu na konokono wa kwenye vyuma vya kizimba vitakuchuna magoti na viwiko wiki ya kwanza.

Kofia nimeitaja mara kadhaa, na huenda umesikia kwamba nusu ya joto hutokea kichwani. Si kweli. Kichwa ni kama asilimia 10 tu ya ngozi yako. Ila mishipa ya kichwani haijifungi kwa baridi kama ile ya mikononi, kwa hiyo joto linaendelea kumwagika, na maji baridi yanayopita shingoni yanakoma kofia ikivaliwa. Kwa bei yake hakuna kitu kinachoongeza joto zaidi ya hicho.

Kuhusu mtumba, sikukatazi. Kibuye hupatikana suti nzuri, lakini nyingi si za mbizi. Suti ya mtu wa kuteleza juu ya mawimbi hutengenezwa kwa neoprini laini inayonyumbuka. Inabanwa upesi kina kikiongezeka na huchakaa haraka chini ya mikanda ya mtungi. Kwa mita 9 bado inafaa kazi. Ile ya wanariadha wa kuogelea, ambayo nje yake ni laini ya kung'aa bila kitambaa, iache: huchanika kwa ukucha, achilia mbali fremu ya chuma.

Ukiishika mkononi, fanya hivi. Bana neoprini kwa vidole viwili pale begani, hesabu hadi kumi, achia. Nzima hurudi papo hapo. Iliyokufa hubaki na alama ya vidole. Rudia magotini, makalioni na kwapani, kwa sababu kifua mara nyingi kiko sawa wakati sehemu hizo zimekwisha. Kunja kitambaa cha paja pande mbili, pima kwa rula au kalipa, gawa kwa mbili. Usishangae suti iliyoandikwa 5 ikipima 3 na nusu: vijipovu vimepasuka kwa miaka ya kubanwa, na hilo halirekebishiki. (Kwa sababu hiyohiyo, suti ya zamani ya milimita 5 ambayo bado ina uhai si kitu kibaya kwako, ikiwa bei ni ya milimita 3.) Igeuze ndani nje, vuta mishono mbele ya jua: ukiona nukta za mwanga, sindano ilipenya mpaka upande wa pili na maji yatapita. Mishono bora hugundishwa kwanza, kisha hushonwa nusu ya unene bila kutokea ng'ambo. Zipu ifunguke mpaka mwisho na kufungwa bila kubembelezwa. Ikiwa ngumu tu, paka nta ya mshumaa, lakini ikiwa imekosa meno achana nayo. Mpasuko mdogo usikutishe. Gundi ya mpira wanayotumia mafundi viatu hufaa: paka pande zote mbili, subiri dakika kumi ikauke kidogo, paka tena, subiri, kisha bana kwa nguvu na uiache usiku kucha.

Halafu ijaribu mwilini, ukiwa na kaptura nyembamba tu. Vaa mfuko wa plastiki mguuni ili mguu uteleze. Vuta kidogo kidogo kwa nyama ya vidole, si kwa kucha, na usiguse mikono kabla suti haijafika juu kabisa kwenye msamba; wengi huona suti ni fupi kumbe hawakuipandisha. Ikishafungwa zipu, inua mikono yote miwili, chuchumaa, vuta pumzi ndefu kabisa. Kifua kipanuke bila kupigana nayo. Mwambie mtu apapase chini ya mgongo, pale pa kujipinda: kukiwa na uwazi anaoweza kuushika kwa kiganja, hapo ndipo maji yatakapokaa na kuchezacheza. Angalia pia kwapani na msambani. Shingoni, kidole kimoja kiingie. Usikubali shingo inayokukaba kwa kisingizio kwamba italegea, kwani shinikizo kwenye mishipa mikubwa ya shingo hupunguza mapigo ya moyo na kukutia kizunguzungu, na unaweza kupoteza fahamu majini. Kwingineko, suti sahihi huhisi imebana kidogo ukiwa nchi kavu na hulegea ikilowa. Kwa vipimo vyako utaanzia saizi L, lakini kila kiwanda kina jedwali lake. Kifua na kiuno ndivyo viamue, urefu ufuate.

Risasi sasa, maana watu wa bara hukosea hapa. Maji ya bahari ni mazito kwa asilimia 2.5 hivi kuliko ya ziwa. Mtu wa kilo 84 pamoja na vifaa vyake anahitaji kilo 2 hadi 3 pungufu akija ziwani. Ukitoka Diani na hesabu ya kilo 5 kwa suti ya milimita 3, Usenge anzia kilo 2 au 3, ukitumia mtungi uleule wa alumini. Kisha pima: ndani ya maji mafupi, jaketi tupu, regyuleta (kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi) mdomoni, pumzi ya kawaida umeishika, maji yafike usawa wa macho, na ukitoa pumzi uanze kuzama polepole. Fanya hivyo mtungi ukiwa umebaki na shinikizo la ba 50, yaani hewa ikikaribia kuisha. Ukipima ukiwa umejaa, ongeza kilo 2, kwa kuwa hewa utakayovuta ina uzito wake na mtungi wa alumini huelea ukiisha. Ukibadilisha suti, hata kuongeza ile fulana tu, pima upya. Kipimo cha kwanza mwachie mwalimu wako wa Diani akuone kwa macho. Kwa barua haiwezekani.

Kuna mambo mawili ambayo suti haikukingi, na usidanganyike kwa kuwa umefunikwa. Moja ni kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi kwa dakika chache, na maji yanayoingia ndani ya suti yanaweza kuvibeba. Hatari kubwa iko ufukoni penye majani na magugu maji, kidogo zaidi huko mbali kwenye vizimba, kwa hiyo panda mashua kwenye gati au umevaa viatu vya mbizi, usitembee ndani ya matope ukiwa peku. Ukitoka, vua suti mapema na ujikaushe kwa taulo ukisugua kwa nguvu. Isuuze kwa maji ya bomba, bila Jik wala sabuni kali, uianike kivulini ikiwa ndani nje mpaka ikauke kabisa, kwenye henga pana. Jua la mchana huua neoprini kuliko kazi. Na kwa kuwa utakuwa majini kila wiki, pima kichocho hospitali mara moja au mbili kwa mwaka, na wiki 6 hadi 8 baada ya mara ya kwanza kuanza kazi. Dawa yake, praziquantel, hutolewa kwa kipimo cha uzito. Mwachie mhudumu akupimie.

La pili ni nyavu zenyewe. Cheti cha kozi ya kwanza kinakufundisha kuogelea ukiona, penye maji wazi. Kwenye kizimba utakuwa unaona nusu mita, na wavu uko kila upande. Beba vikataji viwili mahali unapofikia kwa mkono wowote, usiingie bila mwenzako majini na mtu mwingine juu ya mashua, na kabla ya kuanza kazi tafuta mtu aliyefundishwa kazi za chini ya maji akae nawe siku mbili tatu. Kompyuta yako ya mbizi, ile ya mkononi inayohesabu kina na muda, iwekwe kwenye maji yasiyo chumvi na mwinuko wa Kisumu, kama haijirekebishi yenyewe. Ukimaliza mbizi ya mwisho Diani, kaa angalau saa 18 kabla ya ndege, na vivyo hivyo kabla ya kuanza kupanda milima kwa barabara, kwani Mau Summit iko karibu mita 2,500 na mwili huhesabu mwinuko huo bila kujali umefikaje.

Kabla ya Julai jaza fomu ya afya ya kozi kwa ukweli, na muone daktari ana kwa ana ukiwa na pumu, presha, kifafa au umewahi kufanyiwa upasuaji wa sikio au kifua. Mwambie pia hili la kusikia baridi haraka ikiwa unalisikia hata nchi kavu, au ukiwa na uchovu usioelezeka, au vidole vikigeuka vyeupe na kufa ganzi ukishika kitu cha baridi. Kipimo cha damu na cha tezi ya shingo kitaonyesha kama kuna la kutibu, na hilo milimita za neoprini haziwezi kulitatua. Ukipanda juu ukaendelea kutetemeka zaidi ya nusu saa ukiwa umekauka na kufunikwa, au ukaanza kuzungumza kwa shida, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo. Maumivu ya viungo, ganzi au kizunguzungu baada ya mbizi usiyaite baridi: kaa chini, pewa oksijeni kama ipo, na muone daktari aliye karibu ukimwambia wazi kwamba ulikuwa unapumua hewa ya mtungi chini ya maji.